Ngwe Tatu za Mkono Wangu

Si uvivu, mwanangu, wala si uzee. Hako kashamba nimekalima hivyo hivyo kadogo tangu nina meno yote mdomoni.

Enzi za Mwingereza nilirudi kwetu Chamazi nimeachika, mtoto mgongoni. Nakaa kwa kaka, nakula chungu cha wifi. Na wifi kila akipakua anaimba: "Wengine wanaliiima, wengine wanafungua midomo!" Sauti ile, we, kama mlango wa bati. Nikaapa: mwanangu atakula mpunga wangu, na shamba langu litakuwa kubwa mpaka wifi apofuke.

Bondeni kwetu jumbe ndiye anayetoa shamba. Ukishindwa kulitunza, analichukua. Na kulipima kuna kawaida yake. Unalima tangu alfajiri, jua likifika utosini unasimama. Ulipoishia ndiyo ngwe yako moja. Unajipa ngwe ngapi? Zile utakazoweza kupalilia, basi.

Naikumbuka siku yangu ya kupima. Mie mjanja bwana! Nikamleta kaka, mrefu kama mnazi. "Kaka, nipimie kwa hatua, tena usibane miguu." Akatanua kweli kweli. Shangazi yangu Bi Mwajuma, mwenye ngwe zake tatu tu pale jirani, akauliza taratibu, "Na kupalilia je, utapalilia kwa miguu ya kaka'ko?" Nikamcheka.

Akapita bwana shamba na mnyororo wake, akapima, akasema puani, "Heka nne! Mama, wewe ni mkulima haswa." Jioni ile nilipita mbele ya wifi kama jogoo.

Cheka, cheka tu. Mvua ikashuka. Napalilia huku, ndago zinaota kule. Nakimbilia kule, huku kumeshafunga. Mpunga ukatoa masuke, nawinga ndege kona hii, wao wako kona ile, wanakula kama wamealikwa. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kuvuna, mie makapu mawili. Shangazi, kwenye tungwe twake tule tutatu, saba!

Msimu uliofuata nililima ngwe tatu kwa mkono wangu huu huu. Nikapalilia, nikarudia, nikarudia tena. Makapu sita. Mtoto akashiba, na wifi akaja kuomba mchele. Nilimpa, ila kwanza nikamwimbia wimbo wake.

Basi wewe unayetaka heka kumi kwa mkupuo, nisikilize. Shamba haliishii pale mguu ulipofika. Linaishia pale jembe linapoweza kurudi mara ya pili. Lima kidogo ulijue kila shina, ukishiba ndiyo uongeze. Mungu akupe mkono usiochoka, na jicho lisilomezea mate mpaka wa jirani.

Ila usidhani akili hiyo niliipata mwenyewe. Baada ya yale makapu yangu mawili, nilikwenda kwa jumbe, mbele ya watu wazima, nikajiliza: "Jumbe, niongezee, shamba halinitoshi mie na yatima wangu!" Yatima gani, baba yake yuko Buguruni anauza samaki. Jumbe mpole yule, anakohoa, anashika ndevu, "Aa, basi, mwanangu, tutaona namna..."

Shangazi akasimama, akakung'uta kanga yake.

"Usimwongezee kitu. Huyu hana shamba, ana pori lenye mipaka."