Dobi na Choroko Zenye Mikia

Zamani mtu aliyetaka kula kesho alianza kuloweka jana, na siku hizi watu wanataka kushiba kabla njaa haijabisha hodi. Nasema hivi kwa ajili ya jirani yangu dobi. Kibanda changu cha kutengeneza saa kiliegemeana na chumba chake cha kupigia pasi, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Yeye akikohoa, mimi nilisema pole.

Alikuwa mkavu kama kamba ya kuanikia nguo. Dirishani kwake, mbali na mashati ya watu, hakikukosekana kifurushi cha kitambaa cheupe kikining'inia. Ndani yake mlikuwa na choroko. Aliziloweka jioni, akazichuja asubuhi, akazifunga katika kitambaa kibichi, kisha kila kukicha na kila kukichwa akazisuuza kwa maji safi na kuzikung'uta, mpaka zikatoa mikia myeupe. Vijana wa mtaa wakambandika jina la Mzee Mikia, naye akaitika bila kununa.

"Mbegu kavu imelala na funguo mfukoni," aliniambia. "Ukiiamsha, inafungua ghala yenyewe. Wewe unakuta mlango wazi, kazi yako kula."

Alijua alilolisema. Ujanani, alipokuwa akiishi kwa mkate na chai ya rangi, fizi zilimtoka damu na choo kilikuwa kigumu, hata akaogopa kwenda msalani. Mama yake ndiye aliyemfundisha kukifunga kile kitambaa. Uzeeni alikuwa akija kibandani kwangu kutafuna karanga kwa meno yake mwenyewe, makusudi, huku akinitazama ninavyochovya mkate kwenye chai.

Mwanawe wa pekee alikuwa muuzaji katika duka la vyakula vya makopo. Mkewe aliposhika mimba walihamia kwa mzee, wakapewa chumba cha nyuma. Mkwe huyo alikuwa mcheshi, lakini ile mimba ilimlegeza, akawa anapanda ngazi tatu za mlango kwa vituo. Zahanati wakapima, wakasema damu ni pungufu. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, akaambiwa ale vizuri. Hapo kwenye kula ndipo palipomshinda. Nyama ikinukia, anakimbilia nje. Akila maharage, tumbo linajaa gesi mpaka analala kitako. Sote tulijua kwamba siku zake zikimkuta katika hali ile, atajifungua kwa hatari. Dobi akawa anapiga pasi bila kuimba.

Asubuhi moja nikawasikia.

"Mpe mkeo choroko zangu."

"Baba, mke wangu si kuku."

"Kuku umemwona wapi akipungukiwa damu?"

"Nimemletea unga wa kopo, wa kisasa. Umeandikwa vitamini zote."

"Umeandikwa, ndiyo. Kwani mkeo anakula maandishi?"

Sauti ya mkwe ikatoka chumba cha nyuma: "Jamani, mwenye mimba ni mimi! Mbona kelele za uchungu mnapiga nyinyi?"

Ni yeye aliyekata shauri. Alisema ataenda kumwuliza muuguzi, na dobi akafuatana naye amebeba kifurushi mkononi kama anayepeleka ushahidi. Muuguzi alikifungua, akanusa, akasifu. Akasema choroko zikiota huwa nyepesi zaidi tumboni, na gesi hupungua. Tena hupata vitamini C ambayo punje kavu karibu haina, na hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula.

Dobi akavimba kifua. "Nilijua! Basi ataanza leo, mbichi hivi hivi."

"Mbichi hapana, mzee wangu."

"Mimi nimezila mbichi maisha yangu yote."

"Wewe huna mimba, mzee." Akaendelea kumweleza taratibu kwamba joto na maji vinavyoamsha mbegu huamsha na vijidudu. "Azile zimeiva sawasawa, halafu akamulie limau, maana moto hula sehemu ya vitamini. Na vidonge asiache. Hiki ni chakula, baba, si dawa."

Kwa dobi, kuambiwa hivyo lilikuwa pigo, lakini alilimeza.

Akaloweka nyingine. Kabla hazijaota vizuri, akaitwa kupeleka nguo za hoteli na kulala huko, akamwachia mwanawe kazi ya kusuuza. Kijana akashusha kifurushi, akakichovya katika beseni la karibu, akakirudisha dirishani. Jioni vivyo hivyo. Kumbe lile beseni lilikuwa la maji ya wanga, ya kukazia kola za mashati!

Dobi aliporudi, kitambaa kilikuwa kimekauka kama ubao, na ndani choroko zimechacha, zinanuka.

"Umezipiga wanga?"

"Si maji, baba? Maji ni maji."

"Haya, zipige na pasi, uzivae harusini!"

Mkwe alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Tangu ahamie pale nilikuwa sijamsikia akicheka vile. Choroko zikatupwa. Dobi akanyoosha mkono achukue kitambaa, aanze upya yeye, lakini mkwe akamzuia: "Mwache, Baba. Aliyeharibu ndiye atengeneze."

Kijana akakichemsha kitambaa, akachambua choroko nyingine, akaloweka. Alizisuuza bila kukosa, na kila mara alimwuliza baba yake, "Beseni hili ni la nini?" Zilipoota akazipika kwa kitunguu na nyanya, akakamulia limau. Mkewe akala. Tukangoja akimbilie nje; hakukimbia. Akasukuma sahani.

"Zimebaki?"

Kijana akasimama na mwiko mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Tangu hapo akawa anakula, na vidonge anameza. Damu ikapanda. Sisemi ni choroko peke yake, maana sikujisomea vitabu miaka yote hii kibandani ili nije kusema uongo uzeeni. Nasema kidonge kilipata mwenzake sahanini. Alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kupasua mbao zangu.

Leo chumba cha dobi kina mashine za kufulia, na vichipukizi vinauzwa katika visanduku vya plastiki kwa watu wanaovipiga picha kwanza. Wanaviita vipya! Nani tena ana subira ya kukesha na punje? Hata saa siku hizi hazitengenezwi, zinatupwa.

Mwenye nyumba yao alipoiuza, mtoto angali wa kubebwa, ilibidi wahame. Siku ya mwisho nilipowaona, dobi alikuwa ameketi kando ya dereva wa lori, pasi yake mapajani. Mkwe alipanda nyuma kwa hatua moja, mtoto mgongoni. Kijana akapanda wa mwisho, dumu la maji mkono mmoja, na mkono wa pili kifurushi cheupe kikimchuruzikia kiatu.

"Zitafika?" nikamwuliza.

"Nitazisuuza njiani, mzee."

"Dumu hilo ni la nini?"

Mkewe akaangua kicheko, na lori likaondoka.