Jenereta ya Gari la Macho

Mtaani walimwita Mzee Plagi, kwa sababu kila mashine iliyoletwa mbele yake, hata kama shida ni tairi, alianza kwa kufungua plagi. Alikuwa fundi wa injini ndogo: pampu za maji, mashine za kukatia majani, jenereta. Kisha kwa miaka mitatu hakuwa fundi wa chochote. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, akawa mtu wa kushikwa mkono mpaka msalani, na aliyemshika ni mkewe. Mama huyo hakununa hata siku moja. Kumtania, hapo sawa, alimtania sana.

Mwaka jana gari la macho lilipita, daktari akamfungua macho. Gari lenyewe lilikuwa nyumba ya magurudumu, lina kitanda, jiko na bafu. Daktari na mkewe nesi walihamia humo walipostaafu, wakageuza sebule yake kuwa chumba cha upasuaji. Mzee Plagi alirudi nyumbani anaona hadi sisimizi. Bahati mbaya, macho ya mkewe nayo yalikuwa yameshaingia ukungu, na gari lilikuwa limeshaondoka. Gari liliporudi mwaka huu, mama wa watu alikuwa akimimina chai nje ya kikombe.

Basi asubuhi hiyo mama alikuwa kwenye benchi uwanjani, ametiwa matone, anasubiri kuitwa, jenereta ya gari ikaanza vituko. Inapanda, inashuka, inakohoa. Taa ya upasuaji nayo inafifia na kuwaka. Daktari akatoka akivua glavu.

"Kwa umeme huu siwezi kugusa jicho la mtu," alisema. "Na jioni lazima tuondoke, kesho tunasubiriwa kwingine. Poleni sana."

Kuondoka maana yake ni kungoja mwaka mzima. Mzee Plagi alikuwa ameshasimama.

"Daktari, nifungulie hicho kimlango cha jenereta. Mimi unanijua."

Alianza na nini? Plagi, bila shaka. Plagi nzima. Akavuta choki kidogo ili injini inyonye petroli zaidi, mashine ikatulia. Akairudisha, ikakohoa tena. Akajua injini ina njaa ya petroli, na chakula kimekwama kwenye kabureta. Aliishusha, akafungua kikombe chake cha chini, akakuta utando wa hudhurungi unaonuka kama vanishi.

"Mliiweka muda gani bila kuiwasha?"

"Miezi sita, mzee. Lakini nilijaza tangi hadi juu lisishike kutu."

"Tangi limepona, kabureta ndiyo imeugua. Petroli imechachia humu. Siku nyingine ukitaka kuipumzisha, funga bomba la petroli, uiache ingurume mpaka ijizime."

Daktari, ambaye watu hawamkosoi ovyo, aliitikia kwa adabu zote. Mzee Plagi akaosha, akapuliza, akarudishia kila kitu huku akipiga mluzi. Akawasha. Jenereta ikapanda, ikashuka, ikakohoa vilevile.

Moyo ulimshuka. Hakuthubutu kutazama upande wa benchi.

"Baba watoto, njoo," mkewe aliita.

"Niache kwanza, mama. Nina kazi hapa."

"Njoo nikwambie. Ulikuwa unapiga mluzi."

"Sasa mluzi una kosa gani?"

"Miaka ile ya giza ulikuwa ukikaa chumbani unapapasa vyuma vyako, na mluzi juu. Ukiwa unaona hupigi mluzi hata kidogo. Umefumba macho tena, mume wangu. Fumbua."

Ilikuwa kweli. Miaka ile alijifunza kufungua na kufunga mashine kwa ncha za vidole, na hata sasa, akishikwa na wasiwasi, macho yalijifumba yenyewe. Vidole vinajua skrubu na nati. Tundu jembamba kuliko sindano, vidole havilijui.

Aliishusha kabureta upya, macho wazi. Akachomoa jeti mbili, vile vijipande vya shaba vinavyopitisha petroli, akaviinua kuelekea angani kimoja kimoja. Kikubwa kilipitisha mwanga. Kidogo kilikuwa giza tupu.

"Nipeni kitu chembamba," aliomba. "Waya hapana, waya utapanua tundu, tutaharibu kabisa."

Nesi alifikiri kidogo. "Uzi wa kushonea jicho je?"

Uliingia kwa taabu, ukatoka na uchafu mweusi. Mzee Plagi akasuuza kijeti, akakiinua tena, akaona nukta ya anga. Safari hii jenereta ilinguruma kwa sauti moja, na nesi akapiga kelele kutoka ndani kwamba taa imetulia. Benchi zima likapiga makofi. Mama akaitwa.

Jioni kuagana kulikuwa kazi. Mzee anamshukuru daktari, daktari anamshukuru mzee, hakuna anayekubali kunyamaza wa kwanza, mpaka nesi akapiga honi.

Asubuhi iliyofuata nesi wa zahanati alikuja nyumbani kumfungua mama bandeji. Mama alitazama dari, akatazama vidole vyake, kisha akamgeukia mumewe. Mzee Plagi alikuwa amejiandaa kutaniwa, maana kipara kilikuwa kimepiga hatua. Mama hakumtania. Miaka minne ilikuwa imepita tangu wawili hao waonane usoni kwa wakati mmoja.

"Asante," alisema mama.

Mzee alikuwa na shukrani za miaka yote ile kifuani, na alishazipanga vizuri. Hakuikumbuka hata moja.

"Asante wewe," alijibu, akalia waziwazi, macho yake yote mawili yakiwa kwa mkewe.