Magurudumu ya Ouma Yamefika Nyakach

Ulimi wangu haujaamini bado. Leo asubuhi nimemwita Ouma mara mbili aniletee spana, kisha nikakumbuka nimetoka kumzika.

Nyinyi mnaosimama hapa kwenye ubao wa kiwanda kusoma zamu zenu, someni na karatasi hii. Mimi ni Mogaka, seremala. Wengi hamkuweza kwenda mazishini kwa sababu ya kazi, na Ouma fundi wa gereji alikuwa wa kila mtu.

Nianze na trela, maana yeye mwenyewe angeanza na trela.

Mnakumbuka ilivyokuwa? Trela ndogo ya majani, magurudumu membamba ya motokaa iliyokufa. Mvua ikinyesha yanazama, ng'ombe wa arap Koech wanaoivuta wanapiga magoti, na majani chai yanapata moto ndani ya makapu, yanakuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani.

Ouma akaenda nyuma ya gereji kwenye lile lori bovu, akayatazama magurudumu yake kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari.

Nikamwambia, "Hayo makubwa mno, yatakula mbao zangu." Bodi ya trela, lile sanduku la mbao, niliijenga mimi.

Akacheka. "Osiepa, rafiki yangu, wewe pima mbao. Matope niachie mimi."

Na kweli alikuwa ameyapima! Alichomeka fimbo barabara nzima ya mtoni, kila mahali pabaya akaweka alama ya kina kwenye fimbo kwa kisu. Akahesabu boliti za gurudumu: trela nne, lori tano, haziingiliani. Mimi ningetoboa rimu. Yeye aling'oa ekseli nzima ya lori, akaifunga chini ya trela.

Matairi yakasugua bodi, kama nilivyosema. Siku mbili nilimsumbua kwa hilo, Mungu anisamehe. Mwishowe nikachonga vipande vya mti mgumu, tukaviweka juu ya springi, bodi ikapanda. Tukakunja pia kile chuma cha mbele wanachofungiwa ng'ombe, trela isije ikawainamia.

"Olrait," akasema. Ouma na olrait yake.

Siku ya kwanza shambani, wachumaji walifika na makapu mgongoni wakasimama tu. Bodi iliwafika kidevuni.

Arap Koech akauliza kwa lafudhi ya kwao, "Hii kari ni ya watu kani, Ouma? Sasa kapu tunarusha?"

Tulicheka mpaka nyapara akaja. Ouma alishika kiuno. "Nimepima matope, nikasahau kupima watu." Kabla jua halijatua alikuwa ameniomba ubao mmoja, akauning'iniza nyuma kwa minyororo miwili, ngazi ya hatua moja. Akaupanda yeye kwanza na kurukaruka juu yake, na mnajua uzito wake.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi hamkulijua. Barabara ile ya mtoni ndiyo ya kushukia kwao Nyakach. Kila akirudi likizo, miguu matope mpaka magotini, aliniambia, "Siku moja nitakwenda nimekaa juu ya trela yangu, mpaka mlango wa mama, na hakuna mtu atasukuma."

Kisha homa. Siku nne tu.

Alinishika mkono, wake unawaka. "Osiepa, wasinizike hapa. Mama hataniona." Nikaahidi, wala sikujua nitafanyaje.

Meneja alisema njia imefungwa, malori mawili yamekwama, tumzike karibu na kambi. Arap Koech, mtu asiyependa maneno, ndiye aliyevua kofia.

"Pwana, lori haipiti. Trela ya Ouma inapita. Na ng'ompe ni yangu."

Meneja akaitazama trela kwa dirisha, akasema twende.

Jeneza nililitengeneza mimi. Hilo sitaki kulieleza.

Tulipolinyanyua, mikono yetu haikufika juu ya bodi. Watu sita tukasimama nalo tukitazamana. Ndipo wawili wakapanda ule ubao wa nyuma, wakalipokea.

Kule mtoni nilikunja suruali nikijua zamu ya kusukuma imefika. Ng'ombe wakavuta, magurudumu yakazunguka polepole, yakatoka upande wa pili. Nilibaki na suruali yangu imekunjwa, nikilia.

Mama yake alitoka nje. Hakulitazama jeneza kwanza. Aliweka kiganja juu ya tairi lenye matope, akauliza, "Ndiyo haya?" Kumbe alikuwa amesimuliwa yote.

Ouma, trela imerudi kazini. Wachumaji wanakanyaga ubao wako na makapu yao, na kila ubao huo ukigonga mimi hugeuka kukutafuta. Nakukumbuka sana, ndugu yangu. Nitamsumbua nani sasa?

Basi pumzika kwenu, osiepa. Tulikufikisha mpaka mlango wa mama, na hakuna mtu aliyesukuma.