Boksi la Majani ya Chai la Bibi Haruko

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule ambao huku kwetu Nambis watu walikula unga wa njano wa msaada, ugali unaonuka gunia, na hata mwenye ng'ombe wengi aliula akanyamaza. Mimi sikuula. Nilikuwa Japani, msichana niliyeishia darasa la nne tu, nakula wali wa kunata kwa vijiti viwili. Shangazi yangu aliolewa na afisa wa serikali, na yule afisa alipopelekwa kazini huko, wakanichukua niwalelee watoto. Msinicheke. Bondeni kwetu hakuna bibi mwingine aliyepanda ndege kabla ya kuvaa viatu vya kamba.

Mwanangu, wewe unayefunga mzigo kwenda kwa watu, kaa kwanza.

Nchi ile ilinichekesha mpaka mbavu zikauma. Mtu anaongea na simu huku anaiinamia, kama vile simu ina macho. Mlangoni unavua viatu, unapewa ndala za ndani; ukifika chooni kuna ndala nyingine zinakungoja. Siku ya kwanza nilikwenda na ndala za choo mpaka mezani kwa watu, wenyeji wote wakatazama dari. Tambi za mchuzi wanazivuta kwa kelele kama ndama anayenyonya. Na kuoga je! Nyumba nzima inaingia pipa moja la maji ya moto, mmoja akitoka anaingia mwingine, maji yale yale. Nikamwambia shangazi, "Hawa wanajichemsha supu."

Akasema, "Nyamaza wewe. Wenzako wanajisugua nje kwanza, ndiyo wanaingia. Aliyeingia na sabuni mwilini ni wewe."

Jirani yetu alikuwa mama mzee, Bibi Haruko. Hakuwa na mtoto, na mume wake alikuwa mgonjwa wa kitandani. Asubuhi nikianika nguo anatokea, ananyooshea kitu kidole, mimi nakitaja, naye anarudia nyuma yangu neno kwa neno, akiinama. "Ndoo." "Ndoo." Nikamwambia, "Shikamoo bibi," akajibu, "Shikamoo bibi." Nikamwambia, "Hapana, wewe unaitikia marahaba," akayarudia hayo yote kama yalivyo. Nilicheka nikakaa chini. Alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu. La jana hakulisahau. Baridi ikizidi aliingiza mikono yake ile ya kizee kwenye beseni langu, tukakamua mashuka pamoja. Ukiondoa watu wa nyumbani, katika nchi ile yote ni yeye tu aliyejua jina langu.

Halafu mume wake akafa. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu, mwanangu, tulibatizwa, lakini bibi aliyenilea hakulegeza mila hata kidogo. Nyumba yenye msiba inakaa peke yake. Huombi moto kwao, hunywi maji yao, huli cha chunguni kwao, mpaka wazee waseme wamesafishika. Hiyo ndiyo niliyoijua. Shangazi alipeleka bahasha ya pole. Mimi nilihamisha kamba ya nguo upande wa pili wa nyumba. Bibi wa watu akitokea, naingia ndani. Wiki saba hivyo hivyo.

Siku ile ninayoikumbuka akaja mlangoni mwenyewe, amevaa nguo nyeusi, amekonda. Mkononi ana boksi limefungwa kwa karatasi nzuri mno, ndani majani ya chai. Akalinyoosha kwa mikono yote miwili, akainama. Mimi nikaficha mikono mgongoni, nikamwambia kwa Kiswahili:

"Cha nyumba yenye msiba sipokei."

Midomo yake ikacheza kidogo, kama anayaonja maneno. Akaliweka boksi kizingitini, akaondoka. Mimi nikachukua ufagio nikalisukuma mpaka barabarani. Kuinua macho, kumbe amesimama kwenye geti lake, ananitazama.

Shangazi aliporudi alilikuta pale. "Mtoto wewe, umefanya nini?"

"Shangazi, nyumba ile ina msiba."

"Msiba wao umeisha! Hilo boksi ndilo la kutokea msibani. Siku zao zikitimia wanamshukuru kila aliyewapa pole, ndiyo wanarudi kwa watu. Yule mama kaja kwako kurudi kwa watu, na wewe umemfagia!"

Sikula siku hiyo. Kesho yake nikakaanga maandazi, nikayafunika kwa kitambaa safi, nikaenda kugonga kwake.

Nasaha naisema hapa kabla sijamaliza, maana nikimaliza sina hamu ya kuongea. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi yangu sijaacha mpaka leo. Lakini mila ulipewa ikulinde wewe; hukupewa iwe fimbo ya kumpigia mtu mlangoni. Ya watu yakikuchekesha, cheka, Mungu kakupa meno. Yakikutisha, uliza kwanza: hili kwenu maana yake nini? Na unapouliza, mikono iwe mbele, usiifiche mgongoni kama mwizi. Majuto ni mjukuu, nami wajukuu ninao wa kutosha. Mungu akutangulie, njia yako iwe nyeupe, upate jirani wa kukamua naye mashuka, na ulimi wako uwe mzito pale wangu ulipokuwa mwepesi.

Basi, Bibi Haruko alifungua. Akapokea maandazi yangu kwa mikono yote miwili, akayainua mpaka usoni. Sikuwa na neno hata moja la kwao la kuomba msamaha. Yeye alikuwa nalo la kwetu. Mpaka leo sijui kama alidhani ndivyo tunavyoshukuru, au alikuwa ananirudishia changu. Aliinama sana, akasema polepole, bila kukosea:

"Cha nyumba yenye msiba sipokei."