Binti Asiyekaa Barazani

Mthamini aliyeletwa na wapwa wa Mzee Uweso, ili nyumba ya urithi pale Makorora itiwe bei iuzwe, ni binti aliyesomea ardhi na majengo chuoni, na hakai. Zamani mgeni hakuulizwa shida yake mpaka akae barazani. Huyu husimama, hugonga ukuta kwa kidole, hutega sikio, huhamia wa pili. Mguu wake wa kulia hutikisika hata anapoandika. Kila kitu hukipima mara mbili, kisha hujifuta mikono kwenye sketi kama aliyepara samaki.

“Kaa basi, mwanangu. Ukuta haukimbii,” alisema Mzee Uweso.

“Ahsante, babu. Nasubiriwa Pongwe.”

“Hata anayekusubiri hajakaa, nadhani.”

Uani mzee aliuegemea mnazi, akaukinga kwa mgongo wake. “Na huu utautia bei? Kitovu changu kimezikwa hapa. Mama aliniambia ndiye pacha wangu.”

“Nao huandikwa, babu. Kwa umri wake.”

“Kwani nyie wa siku hizi vitovu vyenu hutupwa jalalani?”

“Changu kiko Mwera.” Ule mguu ukatulia. “Barabara ilipita pale. Mnazi wangu niliuthamini mwenyewe kabla haujakatwa, nikiwa mafunzoni.”

Mzee akauondoa mgongo kwenye mnazi. Akasogea kando. Binti akalizungushia shina futikamba, mara mbili; kisha, badala ya kujifuta mikono, akauacha mmoja pale pale juu ya gome, mpaka mguu ulipoanza tena.