Tulivyoanza Kuitana kwa Majina ya Vitabu

Mkutano wa kwanza wa chama chetu cha wakutubi wa vyuo uliendeshwa kwa kunong'ona. Hatukupanga hivyo. Tuliketi kwenye meza ndefu ya maktaba ninayofanyia kazi hapa Kitengela, kwa sababu ndiyo meza tuliyopata, na hakuna hata mmoja wetu aliyekubali maktaba ifungwe kwa ajili ya kikao. Mkutubi amfukuze msomaji ili yeye apige domo? Tungekufa kwanza. Basi wanafunzi wakaendelea kusoma, na sisi tukaunda chama cha kanda nzima kwa sauti ambayo hata mbu angetuomba tuongeze kidogo. Hoja ikitolewa mwisho huu wa meza, ilifika mwisho ule imechoka haina nguvu. Mimi sikusikia kitu. Nilitikisa kichwa tu kwa adabu, na hivyo ndivyo nilivyochaguliwa katibu.

Sikuudhika, tena nilifurahi sana. Mimi diploma yangu niliipata kwa masomo ya jioni, nimetoka kazini, shingo inadondoka darasani mpaka walimu wakadhani nakubaliana nao kwa kila jambo. Mtu kama huyo akiitwa katibu wa kanda, anarudi kwake Noonkopir akiona vilima vya Ngong vimeinama kumsalimia. Nilimwambia mke wangu kwamba sasa maktaba zote kutoka Mto Athi hadi mpaka wa Namanga ziko chini yangu. Akaniuliza kama ziko chini yangu pamoja na zile sufuria chafu za jikoni.

Ukweli ni kwamba kanda ilikuwa kubwa kwenye karatasi, lakini mezani tulikuwa wanne. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na jamaa kutoka chuo kidogo cha Kimana, mtu mpole aliyekuja na wavu mzima wa vitunguu kama zawadi, akauweka chini ya meza, na kuanzia hapo kila aliyetoa hoja aliitoa na machozi. Kulikuwa na mzee mmoja, mkutubi wa kampasi kubwa hapa mjini, Mmaasai mrefu mwenye ng'ombe wengi kwao upande wa Bisil na vitabu vingi kuliko sisi wote tukiunganishwa. Funguo za rafu zake alizifunga kiunoni, na watu walisema hata akioga haziondoki.

Wa nne ndiye aliyetuita pale. Tulimwita Dada. Alikuwa mama wa Kikamba aliyeletwa Kajiado mjini na kazi na kuolewa huko huko, na maktaba ya chuo chake aliianzisha mwenyewe ndani ya stoo ya zamani ya saruji. Alikuwa ameisugua sakafu mpaka ikasahau kazi yake ya kwanza. Sasa chuo kilitaka kuanzisha kozi ya uuguzi. Wakaguzi walikuwa waje kabla muhula haujaisha, na walichotaka ni rahisi kusema: waone vitabu vya uuguzi vya kutosha, vyake au vya kuazimana na vyuo vingine. Wasipoviona, hakuna kozi, na hakuna maktaba pia.

"Mkuu wetu ameshapima hicho chumba na futi ya fundi," alinong'ona. "Anataka kiwe cha kulia chakula. Mimi nipelekwe mapokezi, nikae pale nikiambia watu choo kiko wapi."

Tukamtazama mzee, kwa maana vitabu vya uuguzi alikuwa navyo yeye.

"Hiyo vitabu yangu haiendi Kajiado," mzee akanong'ona.

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kitabu ikitoka kwangu inarudi imekonda."

"Imekonda! Kwani nitaikamua?"

Ugomvi wa kunong'ona ni kitu cha ajabu, mishipa ya shingo inasimama lakini sauti haiji. Mwanafunzi mmoja aliinua kichwa, akadhani tunasali.

Mwishowe mzee akaegemea kiti. "Nyinyi mnataka mtu atoe tu, hivi hivi. Kwetu hatutoi ng'ombe hivyo. Nikikupa ng'ombe, kuanzia hiyo siku nakuita Pakiteng, na wewe unaniita Pakiteng. Nikikupa kondoo, tunaitana Paker. Jina ya nyumbani tunaweka kando. Watu wakisikia vile tunaitana, wanajua kati yetu kuna kitu. Sasa nikikupa kitabu, Dada, mimi nitaitwa nani? Mwenye Kuibiwa?"

Alisema hivyo ili kufunga mlango. Dada akaingia kwa mlango huo huo.

"Basi tuitane kwa vitabu," akasema, na alisahau kunong'ona. Maktaba nzima ikageuka. "Kila mmoja alete kitabu kimoja, anipe mimi kwa kuazima. Tuitane hivyo. Mzee umesema mwenyewe, usikatae maneno yako."

Mzee akazishika funguo zake kiunoni. Jamaa wa Kimana akasema amina, sijui kwa nini. Mimi nikatikisa kichwa, safari hii nikiwa nimesikia.

Tulikutana tena baada ya majuma machache, huko Kajiado, kwenye ile stoo iliyokuwa maktaba. Kila mtu alikuwa na kitabu chake kwenye bahasha, na kila mtu alitabasamu kama bwana harusi. Sasa hapa ndipo mtu asiyetujua atashangaa. Mwambie mkutubi atoe kitabu kimoja, kimoja tu, na mkono wake hautauliza kichwa. Utaenda wenyewe mpaka rafu ya mwisho, kule kwenye vumbi, ukachukue kile ambacho hakijaguswa tangu mlango wa maktaba utiwe bawaba. Hatukushauriana. Wote watatu tulifanya vile vile.

Mimi nilileta kitabu cha magonjwa ya kuku. Jamaa wa Kimana alileta mwongozo wa kompyuta ambazo zilishakufa na kuzikwa, pamoja na wavu mwingine wa vitunguu. Mzee alitoa kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada. Ilianzia herufi ya D.

Dada alivipanga mezani, kimoja, kingine, kingine. Nyuma yake rafu aliyoitenga kwa ajili ya uuguzi ilikuwa tupu, na alikuwa ameshaibandikia kibao.

"Asanteni sana, wakubwa," akasema. "Wauguzi wangu watatibu kuku kwa Kifaransa."

Nilitamani sakafu ile ikumbuke saruji yake inifunike. Lakini Dada hakununa. Alichukua muhuri, akavipokea vitabu kwa heshima zote, akavipanga kwenye ile rafu tupu. Kisha akatugeukia mmoja mmoja na kutupa mkono.

"Kuku," akaniambia mimi. "Kompyuta," akamwambia wa Kimana. Akasimama mbele ya mzee. "Na wewe na mimi ni Kamusi. Kamusi Isiyo na Jalada. Tumemaliza."

Mzee alicheka. Alidhani ni mchezo wa pale ndani.

Siku chache baadaye nilipanda Kajiado kumsindikiza Dada kwenye ofisi wanakosajili vikundi. Tulipotoka, tukapitia soko la mifugo, kwa kuwa Dada alikuwa na hamu ya mbuzi wa kuchoma. Ilikuwa siku ya soko hasa. Ng'ombe walijaa mpaka ungedhani dunia imekwisha kwingine kote. Na katikati, amesimama na fimbo yake, shuka safi, kofia ya heshima, wenzake wa rika wamemzunguka, nani? Mzee wetu.

Nikamshika Dada mkono. "Dada, tafadhali, twende zetu."

"Kuku, niache." Akapaza sauti kwa salamu ya Kimaasai, sauti ya mtu aliyenong'ona miaka yote ya kazi na sasa ameachiliwa. "Sopa, Kamusi!"

Mzee aliganda. Desturi ni desturi, ukiitwa jina la zawadi huwezi kujifanya hujasikia. "Ipa," akajibu, kwa sauti nyembamba.

Wazee wenzake wakageuka wote kwa pamoja. Hawakuhitaji kuelezwa. Walijua mara moja kwamba kati ya huyu mama na mwenzao kuna kilichotolewa, na wakataka kujua ni nini.

"Mama, huyu alikupa nini?" akauliza mmoja mwenye jino la dhahabu.

"Kitabu, mzee wangu."

"Ya nini?"

"Ya Kifaransa."

"Ni mzima?"

Dada akamtazama mzee wetu kwa upole mkubwa. "Imeanzia D. A, B na C zilibaki kwa zizi."

Jamani, nimesikia vicheko maishani, lakini kile nadhani kilisikika Arusha. Mwenye jino la dhahabu alishika pembe ya ng'ombe wa mtu ili asianguke. Mwingine akampiga mzee begani: "Yaani umepeana kilema! Wewe! Na ng'ombe wote hao!" Mzee naye alikuwa anacheka, kwa sababu hakuna mtu angeweza kujizuia, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva. Tulipoondoka, nyuma yetu walikuwa wameshaanza kumwita hivyo hivyo. Kamusi, lete fimbo. Kamusi, huyu fahali ni bei gani. Nikamwambia Dada kwamba tumempoteza mzee, na tukimpoteza mzee tumepoteza vitabu. Dada akaendelea kuchagua nyama. "Utaona," akasema.

Wiki hiyo haikuisha. Nilikuwa pale kwa Dada nikisaidia kubandika namba kwenye migongo ya vitabu, tukasikia pikapu inarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mzee akashuka. Hakusalimia. Akafungua mlango wa nyuma, na ndani kulikuwa na makatoni, makatoni, makatoni. Nikisema pikapu ilikuwa inalia nitakuwa nimeongeza chumvi, lakini ilikuwa imekaa chini kama ngamia.

Vilikuwa vitabu vya anatomia, vya dawa, vya upasuaji, vya ukunga, na kila kimoja kilikuwa na jalada.

"Futa hiyo jina," mzee akasema.

"Jina halifutwi, mzee. Linabadilishwa na zawadi kubwa zaidi."

"Hii si kubwa?"

Dada alizunguka makatoni kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alifungua, akafunga, akapapasa kurasa. Nilimwona akijifuta macho haraka, na safari hii vitunguu havikuwepo.

"Niite Upasuaji," mzee akapendekeza. "Ni jina kali."

Dada alikuwa ameinua kitabu kinene cha buluu. "Hiki ndicho wakaguzi walikitaja kwanza kabisa kwenye barua yao. Wewe na mimi ni Ukunga."

"Ukunga! Mimi? Watu wa rika yangu watasema nini?"

"Watasema kati yetu kuna watoto wengi watazaliwa salama. Karibu chai, Ukunga."

Habari ya mzee ilipofika Kimana, jamaa alikuja na vitabu vya lishe, akawa Lishe. Mimi nilikimbia Kitengela nikaleta viwili vya famasia, nikangoja jina langu jipya. Dada alivipokea, akanishukuru, akasema, "Kuku, weka pale juu." Nimekata rufaa mara nyingi tangu siku hiyo. Naambiwa jina limeshanikaa.

Wakaguzi walikuja wawili, mama na baba, watu wasiocheka. Walitembea kwenye rafu ya uuguzi wakifungua vitabu, wakasoma mihuri, wakaona kila kimoja kina muhuri wa chuo kingine.

"Hivi ni vya watu," yule mama akasema.

"Ni vya chama," Dada akajibu. "Tunaazimana."

"Vyama vya karatasi tumeviona vingi. Mwanafunzi akihitaji kitabu ambacho hakipo hapa, sasa hivi, utafanyaje?" Akataja kitabu kimoja cha afya ya watoto wachanga. Hakikuwepo. Nilijua hakikuwepo. Nikaona Dada akitazama ukuta, pale ambapo fundi alikuwa ameshachora alama za dirisha la kupakulia chakula.

Akachukua simu, akaiweka sauti juu. "Sopa, Ukunga."

"Ipa, Ukunga! Unataka nini?"

Akamwambia. Simu ikakatika bila kwaheri. Wakaguzi wakatazamana, Dada akawapikia chai. Mzee alitoka Kitengela kwa boda boda na akafika kabla chai haijapoa. Haya, sawa, chai ilipashwa moto tena na tena, na yule baba alikuwa ameanza kusinzia. Lakini mzee alifika, vumbi la Isinya kwenye nyusi, na kitabu amekifungia ndani ya shuka kifuani kama mtoto mchanga mwenyewe.

"Jina lako, mzee?" mkaguzi akauliza, kalamu tayari.

"Ukunga," mzee akasema, kwa fahari, na mkaguzi akaliandika.

Kozi ilikubaliwa. Alama za ukutani zilipakwa rangi, nami nilishika brashi mojawapo. Muhula uliofuata tulifanya kikao chetu pale pale kwa Dada, na chumba kilijaa wauguzi wanafunzi mpaka sisi tukabanwa kwenye kona. Tulianza kwa kunong'ona, kwa nia njema kabisa. Lakini Lishe akaleta vitunguu, Ukunga akasimulia ya sokoni, Dada akacheka kile kicheko chake, nasi wote tukaangua.

Msichana mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye kile kitabu kinene cha buluu, akaweka kidole mdomoni. "Ssss! Wazee, tafadhali. Hii ni maktaba."

Tukanyamaza kama watoto. Kisha mzee akaniinamia sikioni. "Kuku," akanong'ona, "andika. Kikao ijayo iwe nje."