Ua la Kutambaa

Dallas nzima mpaka Houston, harusi ya Waswahili haikukamilika bila Mwanabaraka na koni yake ya hina. Siku za kazi alitunza wazee huko Richardson, pembeni mwa Dallas. Mwisho wa wiki alichora maharusi, na bi harusi akishatoka mikononi mwake, hata wambea walikosa la kusema. Maringo alikuwa nayo, tusimsingizie upole.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alimwambia si maradhi ya kuua, ila mkono hautarudi kama zamani. Mwanabaraka hakumwambia mtu. Akawa anakataa kazi kwa visingizio, leo mgongo, kesho zamu. Lakini harusi moja haikuwa na kisingizio. Mwanawe wa pekee, Tasnim, alikuwa anaolewa Houston, na tangu ana meno ya maziwa mama alimwahidi, "Wewe nitakuchora mwenyewe, vidole mpaka viwiko." Ahadi hiyo ndiyo iliyomnyima raha.

Kazi ya kompyuta ya Tasnim ilimpeleka Bangalore, India, naye akamchukua mama wakanunue nguo za harusi. Siku ya mwisho wakakodi gari kwenda Halebidu kutazama hekalu la kale la mawe. Baba yake Tasnim, Abdulhafidh, alicheka kwenye simu.

"Mke wangu wa swala tano, unafuata nini kwenye masanamu?"

"Nafuata maua," akamjibu. "Masanamu nakuachia wewe."

Na maua aliyaona. Walivua viatu wakatembea kwa soksi juu ya mawe yaliyochomwa na jua, na Mwanabaraka akasahau kulalamika. Chini ya ukuta waliandamana tembo, hakuna wawili waliofanana. Juu yao ua la kutambaa lilifuata ukuta, jani juu ya jani, limechongwa jiweni kwa wembamba wa kushangaza. Akalifuata kila lilipokwenda. Kwenye pembe moja akasimama, kwa kuwa hapo majani yalianza kuwa manene.

"Huyu si yule," alisema. "Fundi wa kwanza ameishia hapa. Mwengine ameendeleza."

"Labda alichoka," Tasnim akasema. "Hii si kazi ya mtu mmoja, mama. Look at it."

Mwanabaraka akanyoosha kidole kumwonyesha pahali penyewe. Mlinzi, akidhani anataka kugusa, akapuliza kipenga. Mama wa watu akashtuka, kidole kikabaki hewani kikitetemeka. Mlinzi akaenda zake, nacho kikazidi kutetemeka.

"Mama, tangu lini?"

Mficha uchi hazai. Mwanabaraka akaketi kivulini akasema yote, akalia mbele ya watalii bila kujali.

"Tafuta mchoraji mwengine, mwanangu. Nitakuaibisha mbele ya wakwe."

"Mwengine simtaki. Utaanza wewe. Ukichoka, tutaona."

Siku ya hina ikafika, sebule ya shangazi yake Tasnim huko Houston imejaa wanawake na harufu ya udi. Mwanabaraka akapiga bismillahi, akaanza kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa bintiye. Ua likatambaa polepole juu ya mgongo wa mkono mpaka kwenye kifundo. Hapo mkono wake ukagoma. Mstari ukayumba, vigelegele vikakatika, naye akatamani ardhi ipasuke immeze.

Tasnim akamtoa koni mkononi. Kwa mkono wake wa kulia akaliendeleza ua mwenyewe mpaka kiwiko, majani manene kama ya mtoto wa chekechea. Wanawake wakaangua kicheko, na bi harusi akawashinda wote kwa kucheka.

"Haya, lete wa kulia," Mwanabaraka akasema, akijikaza.

"Bado. Lete wako kwanza, mama."

Mganga hajigangi. Miaka yote ile mikono ya Mwanabaraka ilikuwa mitupu. Hakuna aliyewahi kumchora, wala hakuwahi kuomba. Tasnim akaupokea ule mkono wa kulia kwa kiganja chake cha kushoto, akaulaza pajani, akaushika sawasawa. Ukatetemeka kidogo, kisha ukatulia, na ua likaanza.